Jinsi Nilivyojifunza Kumsoma Kibatari

Kambi ya Dzaleka, Malawi, jioni ya kuamkia safari yako

Deo mwanangu,

Mfuko wako uko pale karibu na mlango. Nimeufunga, nikaufungua, nikakunja upya shati ambalo mama yako alikuwa amelikunja vizuri kabisa, nikaufunga tena. Ameniambia nitafute mahali nikae kama mtu mzima. Basi nimekaa kwenye mashini, lakini si kushona, maana leo nikishona nitamharibia mtu kitambaa chake. Ninakuandikia wakati ungali nje unaaga wenzako, na ninataka nimalize kabla hujarudi.

Mambo ya sabuni, ya kuamka mapema, ya kumheshimu shangazi yako kule Nsungwi mjini Lilongwe, sitayagusa. Mama yako ameyasema wiki nzima na bado anayasema, ninamsikia hapo nje anayasemea moto. Mimi nina neno moja, na nitalisema hapa mwanzoni lisije likaniwasha mpaka mwisho. Ninajua kwamba Nsungwi hukai. Jumapili tulipotoka kanisani, Papa Riziki, yule fundi mwenzangu wa Fizi, alinishika bega. "Sasa Baba Deo, na kijana yako anapanda ile gari ya Joni siku ya Ijumaa, pamoja na wa kwangu?" Alidhani ninajua. Nikamjibu, "Ee, Mungu akipenda," kama mtu anayejua, nikatembea mpaka nyumbani bila kuiona njia.

Joni. Wamalawi wanalitaja hilo jina kama vile ni soko la pale ng'ambo ya barabara. Ni Afrika ya Kusini, Deo. Kuna Msumbiji nzima katikati, na sisi hatuna karatasi hata ya kuvukia hapo Zambia.

Ningeweza kukuita siku ileile na kukuuliza mbele ya mama yako. Sikukuita. Mara ya mwisho nilipokuhoji mbele ya watu nilikuwa nimeshika kitabu cha Kibatari mkononi, na unajua niliharibu kiasi gani. Kwa hiyo nitaanza na Kibatari, halafu nitarudi kwenye Joni. Barua hii nitakupa leo baada ya chakula. Usiisome njiani. Isome ukiwa bado ndani ya nyumba hii, mama yako akiwa karibu.

Ujue kwanza kwamba vile vitabu vya picha sikuvichukia. Sikuviona. Kwangu vilikuwa karatasi. Fundi anahitaji karatasi ya kukatia patroni, umbo la kila kipande cha nguo, asije akakata kitambaa cha mtu kwa kubahatisha, na kule Mtandire, ndani ya Lilongwe, kuna yule bwana anayeuza karatasi kuukuu kwa mafungu: magazeti, kalenda, vitabu vinavyoachwa na wageni wa mtaa wa Area 49 wakihama. Kila nilipopanda matola kwenda Lilongwe kutafuta uzi, nikikaa nyuma ya gari juu ya magunia ya watu, nilirudi na fungu moja mapajani. Mimi niliangalia kama karatasi ni pana. Wewe uliangalia kama ina kitu juu yake.

Ndani ya fungu moja vikatoka vile vya rangi. Mwanamume wa nguo ya kubana, uso umefunikwa nusu, mwanga unatoka kwenye viganja vyake. Jina lake la Kiingereza limenishinda mpaka leo. Batoto wa hapa kambini walimwita Kibatari, jina likakaa.

Nikaona unachelewa mazoezi ya ngoma ya kwaya. Nikaona unacheka peke yako nyuma ya nyumba. Mimi tangu tukimbie ninaogopa hata kicheko, kama sijui kinatoka wapi. Siku moja ulipokwenda kuteka maji nikachukua kitabu kimoja, nikavaa miwani, nikaomba kwanza, kisha nikakifungua kama ninavyofungua Maandiko.

Kosa langu lilianzia hapo hapo. Maandiko yangu yamechapwa kwa safu mbili. Unashuka na safu ya kushoto mpaka chini kabisa, unapanda, unashuka na ya kulia. Macho yangu yalifundishwa hivyo tangu shule ya Jumapili kule kwetu Rumonge, na sikuwahi kufikiri kwamba yanaweza kwenda vingine. Ukurasa ule ulikuwa na picha sita, tatu kushoto, tatu kulia. Nikashuka.

Juu kushoto, Kibatari anaruka juu ya nyumba za watu, viganja vinawaka. Chini yake, nyumba inaungua, moto unatoka kila dirisha. Chini kabisa, Kibatari anaondoka hewani na mtoto kwapani. Nikapanda safu ya kulia. Mama amesimama barabarani, analia, ananyoosha kidole juu. Chini yake, Kibatari anapiga mlango teke. Chini kabisa, mama amemkumbatia mtoto, nami nikasema moyoni, huyu ni mtoto wake wa pili, amemficha, na huyo shetani amemfuata na huyu.

Sasa unaelewa nilichokiona. Mimi niliyetoka Rumonge paa la jirani yangu likiungua nyuma ya mgongo wangu, ninamkuta mwanangu anacheka na mchoma nyumba, mwizi wa watoto.

Ningekuuliza tu, mimi na wewe, hapa kwenye mashini, ungenionyesha kwa kidole na mambo yangeisha kabla maji hayajachemka. Sikukuuliza. Nilikibeba kitabu mpaka kwa wazee wa kanisa, na Jumamosi ukaitwa. Ninakumbuka ulivyosimama, mikono nyuma, na mimi nikisoma picha kwa sauti, safu kwa safu, kama ninasoma hukumu.

"Njo haya mambo mutoto wa shemasi anasoma," nikamaliza.

Ukasema, "Baba, umesoma vibaya."

Mzee mmoja aliyeketi mbele akapiga goti lake. "Mumesikia? Baba yake anafundisha kanisa nzima kusoma, yeye anamufundisha baba!"

"Si vibaya ya dhambi, mzee. Vibaya ya macho. Baba anashuka. Huku hatushuki, tunavuka."

"Munavuka!" akasema mzee. "Tumevuka ziwa, tumevuka Tanzania yote, tumefika hapa miguu imevimba, na sasa tuvuke na picha?"

Watu wakacheka mpaka mwingine akafuta machozi. Na mimi, Deo, nilicheka pamoja nao. Siku ile ukanyang'anywa ngoma ya kwaya, na hilo wazee wengine wangeweza kulifanya bila mimi. Lakini kucheka kule kulikuwa kwangu mwenyewe. Ulikuwa umeniambia ukweli kwa adabu, mbele ya watu, na mimi nikajificha ndani ya kicheko cha watu.

Kisha nikarudi nyumbani nikachukua mkasi. Kwaya ya akina mama ilikuwa imeagiza nguo mpya, nikakata kola na mikono ya patroni zao katika vitabu vyako. Nilikuambia karatasi nyingine imekwisha. Haikuwa imekwisha. Fungu zima lilikuwa chini ya kitanda.

Mvua zilikuja zikapita unaniambia "ndiyo, Baba" na "hapana, Baba", na baada ya hapo hakuna. Mama yako aliniuliza, "Nyinyi wawili munaishi nyumba moja ao nyumba mbili?" Nikamwambia kijana anakua.

Nimesimama kidogo kwenda mlangoni, hujaja bado. Nimerudi.

Kilichonitoa pale kilikuwa mkono wa shati. Nilikuwa nimebandika patroni ya mkono juu ya kitambaa kwa pini, chaki iko mkononi, na katikati ya patroni kulikuwa na picha. Kibatari bila kufunikwa uso, amevaa shati la kawaida kama mtu wa posta, mguu mmoja umeshatoka dirishani. Nyuma yake bibi mmoja ameshika bakuli, mdomo wazi, anamuuliza kitu. Na pale ambapo yeye angejibu, mkasi wangu ulikuwa umepita.

Nikajaribu kuendelea na kazi. Nikashindwa. Niliketi nikitazama kipande cha karatasi kama mtu aliyeitwa jina lake gizani. Huyu mtu anaenda wapi? Huyu bibi amemuuliza nini? Nilikuwa na umri wa kuoza meno, na hadithi ya karatasi ya patroni inaninyima usingizi wa mchana.

"Deo," nikasema, "huyu anaenda wapi?"

Ulikuwa hutaki kuja. Ukaja. Ukaangalia kwa muda. "Siwezi kujua, Baba. Umekata."

"Umekata, umekata. Basi inaendelea wapi?"

"Kwa kola."

Nikatafuta kola, nikaipata, nikaigeuza huku na huku. "Mbona hapa kuna farasi?"

"Hiyo kola ya mutoto. Mi nasema kola ya mutu mukubwa."

Tukatoa patroni zote. Tukazipanga mezani, kola karibu na mkono, mkono karibu na kifua, tukaziunganisha kwa pini kama nguo. Mama yako akapita na ndoo. "Munashona nini na karatasi tupu?" Na wewe ukasema, "Tunamushona Kibatari, Mama." Hilo lilikuwa neno lako la kwanza lenye furaha ndani ya nyumba hii tangu nilipokudhalilisha. Nilijifanya ninatafuta pini chini ya meza, kwa maana sikutaka uone uso wangu.

Njo pale nilipoanza shule. Ulinishika kidole, mimi baba yako, ukakivusha. Kushoto kwenda kulia, kisha unashuka mstari mmoja, tena kushoto. Tuliusoma ule ukurasa wa moto. Kibatari anakuja hewani, mama analia na kumwonyesha, nyumba inaungua, Kibatari anapiga mlango teke ili aingie kwenye moshi, anatoka na mtoto, mtoto anarudi kifuani pa mama. Ni mtoto mmoja tu tangu mwanzo. Nilikuwa nimemshitaki mwokoaji kwa kumtazama kwa upande mmoja, kwa kuwa sikufundishwa mwingine. Unanijua, mimi jambo kama hilo silisahau nikipiga magoti, mpaka leo ninalirudia.

Nilikuwa mwanafunzi mgumu. Nilisoma maneno kabla ya picha, halafu nikakasirika kwamba Kiingereza kinanishinda, mpaka uliponiambia, "Baba, tazama kwanza, maneno nitakusomea." Nilidhani vile viputo vyote vinavyoelea juu ya watu ni maneno ya mdomo. Ukanionyesha kwamba chenye mkia kinaenda kwenye mdomo wa mtu, na kile chenye mawingu mawingu na vitone vidogo ni maneno ya moyoni, wenzake hawayasikii, sisi tu tunaosoma. Na sanduku la juu kwenye pembe ni msimulizi, si mtu aliyemo. Nikakuuliza kuhusu ile nafasi nyeupe kati ya picha na picha, kwamba pale kuna nini. Ukasema pale njo mambo yanatokea na hatuonyeshwi. Hilo nililielewa upesi kuliko yote, maana ni kama ile nguo ya ziada unayoacha ndani ya mshono. Mvaaji haioni, na bila hiyo shati linapasuka siku ya kwanza.

Kuhusu nguo ya Kibatari yenyewe sikukuambia siku ile. Haina zipu, haina kifungo, haina mshono wa kwapa. Anaivaaje? Na akienda haja? Nimelifikiria sana.

Halafu nikaambukizwa. Nikienda Lilongwe nilikuwa natafuta uzi kwa jicho moja. Yule bwana wa Mtandire aliponiona nimechuchumaa kwenye mafungu yake nikifunua moja moja, akaanza, akiniita bwana kwa lugha ya huku. "Bambo, leo hupimi kwa mkono?"

"Leo natafuta namba moja."

"Namba moja ya nini?"

"Ya huyu wa mwanga."

Akamwita jirani yake anayeuza nyanya. "Njoo uone, fundi wa Dzaleka anataka katuni!" Kisha kwangu, "Una watoto wangapi wa kusoma hizi?"

"Ni zangu."

"Zako!" Alicheka mpaka akakaa. "Zikomo, Bambo, zikomo, leo umeniponya. Sasa sikia, namba moja hakuna. Iko hii ya katikati, iko hii nyingine ya mbele zaidi, iko hii haina hata jalada."

"Mtu ataanzaje hadithi katikati?"

"Kwani wewe ulipofika Malawi, nchi ndiyo ilikuwa inaanza?"

Nilirudi nyuma ya matola nikitafuna neno hilo. Ni kweli. Nilifika hapa nikiwa sijui nani aligombana na nani, nani ni chifu, kwamba mahali hapa tulipopewa palikuwa gereza kabla yetu, na kwa nini wazee wa huku wanashusha sauti wakipataja. Nikaanza tu. Nikasema "zikomo" kabla sijajua kwamba ni asante. Ungekuwa wewe, ungeshaniambia: Baba, usingoje namba moja. Chukua unachopata, soma, kitakachokupotea weka pembeni, kitajieleza. Na ulinionyesha ile nyota ndogo chini ya picha inayosema jambo hili lilitokea kitabu fulani. Nilikuwa ninaziruka nyota zile, nikidhani ni madoa ya mchapaji.

Kuna mambo bado yananikera, sitakudanganya. Watu wale wanakufa kitabu hiki, na kitabu cha tatu wanatembea, bila machozi, bila maombi, bila hata kaburi kuguswa. Sisi tulio na makaburi ambayo hatukuyaona, hilo linanichoma. Na yule mbaya mwenye kofia ndefu, anafungwa kila mara na kila mara anatoka. Nilikuuliza askari wao wanafanya kazi gani. Ukasema, "Baba, asipotoka, Kibatari atafanya nini?"

Lakini linalonitesa kuliko yote, na hapa ninarudi kwenye neno langu, ni yule mama.

Yule bibi wa bakuli. Anampikia mwanawe supu kila jioni, na mwanawe anamwambia anakwenda zamu ya usiku kwenye kiwanda cha mikate. Anatoka kwa dirisha. Kwenye kiputo cha mawingu tunasoma: ninamficha ili nimlinde. Kila kitabu anasema hivyo. Mimi nikisoma ninataka kumpiga kofi. Sisi wote tunajua: wewe unajua, mimi ninajua, yule bwana wa Mtandire anajua. Mwenye kofia ndefu naye anajua. Ni bibi peke yake ndani ya hadithi nzima asiyejua anaishi na nani.

Na kile kitabu kisicho na jalada, unakikumbuka, mwenye kofia ndefu anabisha hodi kwa bibi. Bibi anafungua. Kwa nini asifungue? Hajui kitu. Anamkaribisha kiti, anamwekea chai, anamwambia, "Mwanangu yuko kazini, kwenye mikate, atarudi asubuhi." Nilifunga kitabu nikatoka nje nikazunguka nyumba. Jirani akadhani natafuta kuku.

Nilikuuliza siku ile, "Kwa nini hamwambii mama yake tu?"

Ukacheka. "Baba, akimwambia, hadithi inaisha."

Basi, Deo, mimi ninataka hadithi iishe hapo.

Sikuandikii kukukataza. Nimejaribu kuandika neno la kukukataza hapa, kalamu imekataa. Nimejaribu kuandika neno la kukuruhusu, nalo limekataa. Ninajua kambi hii inakufanyia nini. Ninakuona unavyosimama kwenye njia panda jioni ukitazama magari. Kijana mwenye nguvu zake amekatazwa kufanya kazi, anapewa mahindi, anaambiwa asubiri, na hakuna anayejua anasubiri nini. Ningekuwa na umri wako ningekuwa nimeshaondoka, labda kwa gari mbaya kuliko hiyo.

Lakini nilikaa Jumatatu nikafikiri. Kutatokea siku watu watakuja hapa kusema kuna vijana wamekamatwa mpakani, au kuna gari imepinduka karibu na Tete kule Msumbiji. Wanakuja na habari kama hizo, unajua wanakuja. Na mama yako atasema, "Maskini, watoto wa wenyewe," atawaombea, machozi yatamtoka kwa ajili ya watoto wa wenyewe, halafu ataingia ndani alale. Kwa sababu wake yuko Nsungwi kwa shangazi. Mtu akija kuuliza habari zako, mwema au mwongo, atamkaribisha kiti, atamwambia kila kitu anachojua, na anachojua chote ni uongo wako. Huko si kumlinda. Unamwacha peke yake, asijue hata aogope nini.

Ninaloomba ni hilo tu. Kabla ya asubuhi, mwambie mama yako. Kwa mdomo wako, ukimwangalia. Atalia, atakupiga na mwiko, atakuita majina. Ataniita na mimi majina. Lakini atajua barabara gani aiombee. Mimi nimeomba tangu Jumapili, na ninakuambia ukweli, kuomba bila kutaja mahali ni kazi ngumu. Ninasema, "Bwana, umlinde Deo pale alipo," na nafsi yangu inaniambia, hata hujui

*

Umenikatiza. Umeingia bila kubisha, jasho usoni, ukasimama nyuma yangu.

"Unaandika nini, Baba?"

"Barua."

"Ya nani?"

"Ya kwako."

"Mi niko hapa."

"Ninaona."

"Sasa inasema nini?"

"Habari ya Kibatari."

Ukacheka, ukanyoosha mkono, na mimi nikiwa mjinga nikakupa. Nilikuwa nimepanga baada ya chakula. Ulisoma ukiwa umesimama, taa ikiwa upande wako, na mimi nikaona macho yako yalipofika kwa Papa Riziki. Yalisimama. Ulisoma yote. Nilisikia unavyopumua. Nilitaka kukuambia urudishe, kuna mahali nimeandika vibaya, kuna neno ningependa kulifuta. Ulipomaliza ukaziweka karatasi juu ya mashini, ukazinyoosha kwa kiganja, polepole.

"Nilitaka kuwaambia nikifika," umesema.

"Ungefika?"

"Ningefika, Baba."

"Na usipofika?"

Ulikwenda nje, si kwa njia ya barabarani, ulikwenda upande wa jiko. Kwa hiyo ninaendelea kuandika, maana mikono yangu haijui kingine cha kufanya, na ninaandika ninachosikia.

Mama yako anasonga nsima, ugali wa huku. Ninasikia mwiko. Anakuambia usisahau ile dawa ya tumbo. Wewe unasema, "Mama, subiri." Anakuambia shangazi yako hapendi mtu anayechelewa kurudi usiku. Unasema, "Mama. Acha mwiko kidogo."

Mwiko umeacha.

Unazungumza chini, sisikii maneno. Nimesikia "Ijumaa". Nimesikia jina la mtoto wa Papa Riziki. Nimesikia "Joni", na baada ya hapo nimesikia nsima inachemka yenyewe. Nilitegemea kelele. Hakuna kelele.

Sasa amesema, "Nani mwingine anajua?"

Na wewe, kwa kuwa leo umeamua kusema kweli yote, umemjibu. "Baba."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumapili."

Deo. Nimeandika karatasi zote hizi. Nimemhukumu Kibatari na dirisha lake na zamu yake ya mikate. Nimekuhukumu wewe. Na siku zote hizo nimelala kitanda kimoja na mama yako, nimekula chakula chake, akaniuliza mbona sikai mahali pamoja, nikamwambia ni tumbo. Nilijiambia ninampa nafasi ya kulala vizuri mpaka uondoke. Maneno yale yale ya kiputo cha mawingu, na sikuyatambua, kwa sababu safari hii yalikuwa ya kwangu.

Ananiita. Haniiti Baba Deo. Ananiita kwa jina langu lenyewe, lile alilonijua nalo kabla hatujawa na mtoto.

"Na wewe," anasema, "ulikuwa unangoja nijue lini?"

Chukua barua hii hivyo hivyo, haina mwisho mzuri. Ninatoka nje nikamjibu akiwa ananiona, na wewe ukiwepo usikie.

Baba yako